Samaki Mweusi Tuliyemwita Karibu

Walisema sitaweza. Walisema Kamembe ni mji wa ziwa, na samaki wa bahari akiletwa huku atageuka mboga kabla jua halijatua. Walisema mtoto aliyeshindwa kumlinda kuku mmoja asiliwe na paka hawezi kumlinda kiumbe asiyejua hata kupiga kelele. Walisema sitamaliza shule. Nilipomaliza wakasema sitapata diploma. Nilipoipata huko pwani wakasema sitarudi, maana aliyeonja upepo wa bahari harudi kwenye vilima vya Rusizi kula bugari, ugali wa huku. Leo diploma yangu ya ufugaji wa samaki imo ndani ya fremu hapa nyumbani kwangu Gihundwe, na sebuleni pana tangi la kioo refu kuliko kitanda cha mtu mzima, limejaa maji ya chumvi. Ndani yake wanaishi samaki wadogo wa miamba, wa buluu, wa njano, wa kijani cha ndizi mbichi, na hakuna anayemnyofoa mwenzake pezi.

Kwa Kifaransa samaki hao huitwa demwazeli, yaani mabinti. Aliyewapa jina hilo hakuwahi kuwaweka watatu ndani ya chombo kimoja. Ni wakorofi kuliko majogoo. Watu hutoka Bukavu, hutoka hata Kigali, kuja kuniuliza yupi anakaa na yupi, na wote hutaka kujua rangi ipi inapatana na rangi ipi, kana kwamba wanachagua kitambaa. Mimi huwauliza swali moja: ni nani aliyeingia kwanza? Wanaduwaa. Kisha nawafundisha, nikitembea huku na huko, maana mimi sikai. Sijawahi kukaa kitini mpaka chai ikapoa.

Elimu hiyo watu hudhani niliipata chuoni. Chuoni nilipata majina yake tu. Juzi nilipita mbele ya karakana ya fundi mmoja karibu na soko, akikanda mastiki, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaoshikilia kioo kwenye dirisha. Harufu ile ikanikamata shingoni kama mkono wa mtu mzima. Nikasimama pale barabarani, mototaksi zikinipigia honi, nami nimerudi kuwa mtoto wa darasa la tano mwenye viatu vilivyofungwa miguuni tayari kwa kukimbia.

Viatu vile nililala navyo miguuni. Tulikuwa tumetoka Bukavu, Maman, mimi na mdogo wangu wa kike, baada ya Papa kufariki na hitma yake kwisha. Tulivuka daraja la mto Ruzizi, kutoka Kongo kuingia Rwanda, kwa miguu mvua ikinyesha, tukapanda mpaka Kamembe kwa Mjomba Radjabu, kaka yake Maman, aliyekuwa fundi vioo. Mjomba alitukumbatia langoni mmoja mmoja, ubavu huu kisha ubavu ule, kama kawaida ya watu wa huku. Mke wake, Maman Saidi, mwanamke mnene mwenye mikono myeupe kwa unga, kwa sababu alioka mikate na kuiuza, naye alitukumbatia. Kisha akautazama mzigo wetu, akaingia ndani, akaanza kutoa vitanda.

Alitoa kila kitu. Vitanda, magodoro, mikeka, masanduku, hata misumari ya kutundikia nguo aling'oa, akavirundika vyote chini ya paa la jiko la mikate. Mwanawe Saidi, rika langu, alilishika godoro lake akilia.

"Maman, hiyo ni pahali pangu! Miye nalalaka chini ya dirisha!"

"Pahali pako iko kaburini," Maman Saidi alimjibu bila kusimama. "Hapa ni pahali ya Mungu. Shika huku."

Nilimvuta Maman yangu kitambaa. "Maman, wanatufukuza."

Maman alinifinya. Vyumba vilipobaki vitupu Maman Saidi alivimwagia maji, akavisugua, kisha akaanza kurudisha vitu, na hakuna hata kimoja kilichorudi mahali pake. Chini ya dirisha akamweka mdogo wangu. Saidi akapelekwa kando ya magunia ya unga, mimi katikati. Hata kitanda chake na Mjomba kiligeuzwa, miguu ikaangalia kulikokuwa kichwa.

Nilielewa, kama mtoto anavyoelewa: mwanamke huyu ana hasira hata yuko tayari kuivuruga nyumba yake ili tusiipende. Kuanzia siku hiyo nilikula mkate wake jicho moja likiwa mlangoni. Mkate wenyewe ulikuwa mtamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Saidi hakunisamehe lile dirisha. Alilisifu kila siku, jinsi upepo wa ziwa ulivyokuwa ukimpuliza, jinsi alivyokuwa akisikia makamio, malori ya mizigo, yakiteremka kwenda mpakani. Na juu ya hayo palikuwa na jambo jingine, nililolisikia wakubwa wakilizungumza nyuma ya pazia. Mjomba alihitaji mikono karakanani. Saidi angeendelea na shule. Mimi, vidole vyangu vilikuwa vyembamba, vizuri kwa kusukuma mastiki kwenye kona za fremu, na muhula ukiisha ningevua sare. Nilikuwa wa kwanza darasani. Sikulisema kwa mtu, nilizunguka nalo kama mtu mwenye jino linalouma.

Hapo ndipo alipoingia Mbaraka.

Mbaraka alikuwa shoferi wa kamio kutoka Mombasa, na kwa Mjomba ndipo alipokuwa akipumzika kabla ya kuvuka kwenda Bukavu. Siku hiyo alikuja na mabido, madumu ya plastiki, yaliyojaa maji ya bahari, na katika bido moja lenye mdomo mpana mlikuwa na samaki watatu, kila mmoja mkubwa kama kidole gumba. Wawili walikuwa wa buluu wenye mkia wa njano. Mmoja alikuwa mweusi tii, na madoa matatu meupe, moja kwenye paji, mawili mabegani, kama aliyeguswa na kidole chenye unga. Tajiri mmoja wa Bukavu alikuwa amewaagiza kwa ajili ya sebule yake, na Mbaraka alikuwa amewapulizia hewa kwa pampu njia nzima, kila aliposimama. Lakini habari ilikuwa imemfikia mpakani kwamba tajiri yule amehama na familia yake, na hakuna aliyejua alikokwenda.

"Watafika kesho hao?" Mjomba aliuliza.

"Kesho? Kwa baridi hii ya kwenu?" Mbaraka akacheka. "Hawa ni wa leo, mzee. Kesho ni wa kuku."

"Mimi nitawatunza," nikasema.

Saidi alimwaga chai yake kwa kucheka. "Weye! Kuku yetu ilikulwa na paka ukiwa unaitazama!"

Huo ulikuwa uongo. Kuku aliliwa nikiwa chooni. Lakini Mjomba hakucheka. Alikuwa akiwatazama wale samaki, na fundi akitazama kitu utajua anakipima. Hakuna fundi kioo katika mji wetu aliyekuwa ametengeneza chombo chenye bahari ndani. Akanigeukia.

"Sikiliza, mutoto ya dada yangu. Siye tulitaka uingie mu kazi, juu mikono yako ni mizuri. Weye unataka masomo, najua, maman yako aliniambia. Basi, siku ya Idi miye nitaita bageni hapa. Nataka baone samaki ya bahari, bazima, banakaa pamoja mu kioo moja. Nikibakuta, utasoma, na hakuna muntu atakuuliza. Nikikuta maji matupu, ao samaki moja anazunguka peke yake kama mulinzi, unakuya ku mastiki. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, Mjomba."

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa bado haujaandama. Niliondoka pale nikiwa na ahadi na sina kitu kingine, nikaanza kuazima.

Kila aliyeniazima kitu alinipa na neno la kunikatisha tamaa juu yake, kama nyongeza ya sokoni. Mjomba alitoa kioo kizuri cha mbele, alichokuwa amekiweka kwa ajili ya duka la mtu, na fremu ya chuma, akaniambia niwe naangalia uso wangu wa kushindwa ndani yake. Mbaraka aliniachia mabido ya maji na mpira wa ndani wa gurudumu la kamio. Mzee Sefu, fundi wa baiskeli aliyekaa kona ya msikiti, alinipa pampu yake ya pili. "Ukishindwa, rudisha," alisema. "Ukiweza, rudisha vilevile."

Maman Fidèle, muuguzi, jirani yetu Mkristo aliyekuwa na asili ya Bukavu kama sisi, alinipa mrija wa serumu, yaani dripu, wenye kigurudumu cha kubana. "Nimeichemsha," alisema. "Miaka yote hii napa bantu serumu, sijaona muntu anapa samaki. Mwisho wa dunia uko karibu." Mrija ule niliufunga kwenye mpira wa kamio. Nilijaza upepo kwa pampu mpaka mpira ukawa mgumu, kisha nikabana kigurudumu, na hewa ikatoka polepole majini, kiputo kwa kiputo, muda mrefu.

Kilichobaki ni baridi. Samaki wale wanataka joto la pwani, na sisi tunalala na blanketi mbili. Nyumbani palikuwa na mahali pamoja tu pa joto lisilozimika: ukingo wa matofali nyuma ya tanuri la mikate. Nilikwenda kwa Maman Saidi nikiwa nimejiandaa kukataliwa. Alisogeza sinia zake za unga, akaonyesha ukingo kwa kidole, akarudi kwenye kinyunga chake. Nikajiambia anataka nishindwe mbele ya macho yake, karibu, asikose hata kidogo.

Mastiki mbichi hutoa mafuta, na mafuta huua, kwa hiyo tulilijaza tangi maji ya kawaida na kuyamwaga, tukajaza tena, tukamwaga tena. Wakati huo samaki walikaa katika beseni la Maman kando ya tanuri, na walikaa kwa amani kabisa. Mbaraka kabla ya kuondoka alinichorea mstari kwenye kioo kwa mkaa. "Maji yakipungua chini ya hapa, ongeza ya mvua, si ya bahari. Maji huenda mbinguni, chumvi haiendi popote." Wataalamu wengi wenye tai nimewasikia wakilieleza jambo hilo kwa muda mrefu zaidi.

Tangi lilipokuwa tayari nililipangia mawe ya ziwani niliyoyachemsha, nikajenga kitu kama nyumba, na pango zuri katikati. Nikamweka kwanza yule mweusi. Nilifikiri mwenye nguvu aingie mbele, apime maji, kisha wanyonge wafuate. Hivyo ndivyo tulivyovuka daraja, Maman akitangulia. Mweusi alilizunguka tangi, akaingia pangoni, akageuka, akatoa kichwa nje. Alikaa hivyo. Alipendeza. Baada ya siku kadhaa nikamwingiza wa kwanza wa buluu, na wa pili.

Yule mweusi alitoka mbio! Alimkimbilia mgeni kama mwenye nyumba wa Kamembe anavyokimbilia langoni, akamgusa ubavu wa kulia, akazunguka, akamgusa ubavu wa kushoto, akirudia na kurudia, mwili wote ukitikisika kwa furaha. Niliita kila mtu. Niliwaambia: tazameni, anamkumbatia! Nikamwita Karibu. Mzee Sefu aliacha baiskeli ya mtu imepinduliwa akaja kuona, akatikisa kichwa. "Kweli hii iko na adabu kuliko bakwe zangu," alisema. Hata Maman alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Maman Saidi peke yake hakucheka. Alitazama, akafuta mikono, akasema, "Hm," akaenda zake. Nikamchukia kwa ile "hm".

Asubuhi iliyofuata mmoja wa buluu alikuwa akielea kichwa chini, mkia wake wa njano haupo. Mwenzake alikuwa amejibana kwenye kona ya juu nyuma ya mrija, mapezi yamechanika kama bendera ya zamani, na kila alipojaribu kushuka Karibu alimkumbatia tena.

Saidi alikuja na mkate mdomoni, akatazama, akameza. "Karibu amekaribisha," alisema.

Habari ilienea hata kabla sijanawa uso. Nikipita, watoto waliniuliza samaki wangu amekaribisha wangapi leo. Nilimrudisha yule wa buluu katika beseni la Maman, nikamrudisha na Karibu pia kwa hasira, nikitaka niwaone wakimalizana nijue moja. Hawakupigana. Karibu alizunguka beseni, akampita mwenzake kana kwamba hawajuani, akazunguka tena. Niliwatazama mpaka nikachelewa shule. Walikuwa samaki walewale na maji yaleyale. Sikuelewa, na kutokuelewa kulinikosesha raha kuliko kushindwa kwenyewe. Darasani mwalimu aliuliza mji mkuu wa nchi fulani, nikajibu "beseni".

Kamio nyingine ya Mombasa ilipokuwa ikirudi nilimtumia Mbaraka salamu kwa mdomo wa mwenzake: alete maji, na wa buluu wenye mkia wa njano watatu, wadogo, wa kimo kimoja. Basi. Huko ndiko kulikuwa kuchagua kwangu kwa kwanza, na hata leo, na diploma yangu, nisingebadilisha neno. Yule wa buluu mwenye mkia wa njano ndiye mpole kuliko wengi wa ukoo ule. Wakiwa kimo kimoja hakuna anayejiona baba.

Mbaraka alikuja Ramadhani ikiwa imeshainama kuelekea mwisho. Alileta maji na wale watatu. Kisha akatoa chupa nyingine nyuma ya mgongo, anatabasamu.

"Na hii ni zawadi yangu. Nimemletea Karibu ndugu yake."

Mweusi. Madoa matatu.

"Hapana, Mzee Mbaraka. Peleka Bukavu."

"Weh! Ndugu yake kabisa, damu moja!"

"Ndiyo maana," nilisema. "Wa buluu, Karibu atampiga kwa kuwa ni mgeni. Huyu atampiga kwa kuwa wanataka kitu kimoja."

Sijui nilikuwa nimelijua lini jambo hilo. Nadhani nililijua niliposikia Saidi akipumua kando ya magunia. Mbaraka aliguna, akamtazama Saidi aliyekuwa amesimama mlangoni, akanitazama mimi, akairudisha chupa kwenye kamio.

Sasa nilikuwa na wa buluu wanne, Karibu mmoja, na Idi inakuja. Nikiwaingiza wote, Karibu atawakumbatia. Nikimwacha Karibu katika beseni, naye atasafiri polepole kwenda kwa kuku, maana mrija wa hewa ulikuwa mmoja tu, na sasa ungerudi tangini, na Mjomba alitaka kumwonyesha mweusi kuliko wote. Nilizunguka ua. Nilizunguka tangi. Alasiri moja nilimkuta Maman Saidi akikanda unga wa mikate ya futari, na sijui ni kitu gani kilinifungua mdomo, labda ni kwa kuwa alikuwa amenipa mgongo.

"Maman Saidi, siku ile tulikuja, ulikuwa na hasira ya nini?"

Mikono ikasimama. "Hasira?"

"Ulitoa vitanda vyote."

Aligeuka, akanitazama mpaka kwenye viatu. Nadhani ndipo alipoviona kwa mara ya kwanza, kwamba vimefungwa siku zote. Uso wake ukabadilika.

"Weye mutoto," alisema taratibu. "Muntu akiingia mu nyumba yenye kila moja iko na pahali pake, atakuwa mugeni mpaka kufa. Batamupa kona, na kila siku batamukumbusha ile kona. Maman yangu alifanya vile, na maman yake. Unatoa bitanda byote inje, unaosha nyumba, na bote banaingia pamoja. Ile siku hata Saidi alikuwa mugeni. Hata miye. Nililala kichwa yangu mu upande wa miguu, sikupata usingizi." Akacheka kidogo. "Hasira! Kumbe ndiyo sababu unakulaka mukate yangu kama muntu anaiba."

Nilikimbia. Sikumshukuru, nilikimbia moja kwa moja kwenye tangi, nikatia mikono yote miwili majini mpaka mabegani.

Niliyatoa mawe yote. Yale ya pangoni, yale ya kona, hata kokoto. Saidi alinikuta nimelowa, mawe yamezagaa sakafuni, akasimama. Alikuwa amesikia maneno ya mama yake. Alikuwa nyuma ya mlango.

"Miye nililia ile siku," alisema.

"Nilikusikia."

"Ile pahali ya dirisha inavujaka mvua." Akapangusa pua. "Nilikuwa naisifia tu." Akachuchumaa, akaokota jiwe bapa. "Hii usiweke katikati. Ukiweka katikati mukubwa atakaa pale. Weka mashimo mingi kuliko samaki."

Tukapanga pamoja, yeye akijenga nami nikibomoa alipozidisha. Tuliingiza wale wa buluu wanne kwa pamoja. Walitafuta mashimo, wakagombana kidogo, wakatulia. Kesho yake, wa mwisho kabisa, tukamwingiza Karibu. Alishuka kwa mwendo wake wa mwenye nyumba mpaka pale pango lake lilipokuwa, akakuta maji. Alirudi nyuma. Akaenda tena. Maisha yangu yote na samaki, ile ndiyo mara ya kwanza niliyomwona mmoja akitafuta njia. Wa buluu mmoja alitoka shimoni akamfukuza hatua ndogo, Karibu akasogea! Saidi aliruka juu, akapiga kichwa kwenye rafu ya sinia.

Usiku ule nilivua viatu.

Siku ya Idi Mjomba aliwaleta wageni nyuma ya tanuri mmoja mmoja, kama anayewaingiza kwa mfalme, jua la asubuhi likipiga kioo na samaki wakiwaka. Watu wazima walisahau pilau. Mzee Sefu alinyosha kidole.

"Na hii nyeusi, haipige bengine?"

"Inapiga kidogo," nilisema, "halafu inasahau ni juu ya nini."

"Kama siye na Maman Saidi," Mjomba akasema, na ua mzima ukacheka. Kisha akaweka mkono kichwani kwangu mbele ya wote. "Huyu atasoma. Mastiki nitapata muntu mwingine."

Sikukaa kimya, bila shaka. Nilijivuna mpaka Maman akaona haya. Lakini sikutulia pia, na nadhani tangu hapo sijatulia. Kila Karibu alipoanza kujivutia mahali na kupaita pake, nilitia mikono nikahamisha mawe. Alikua haraka, akawa mkubwa, madoa yake yakafifia, na ukali ukaongezeka, kwa sababu hiyo ndiyo tabia ya wale weusi. Leo anayeniomba ushauri namwambia asimnunue kabisa kama anataka kuchanganya. Mimi sikumchagua, aliletwa, na aliyeletwa nyumbani unampangia mawe.

Nilipofaulu kwenda sekondari, mbali, nililifungua tangi na kurudisha vya watu. Samaki, Mbaraka aliwachukua katika bido lilelile, na baadaye alisema aliwamwaga walikotoka. Ushahidi sina, lakini nilichagua kumwamini. Nilimpa na mpira wake, nimeuziba viraka. Pampu ya Mzee Sefu niliitia mafuta kabla ya kuipeleka, akaipokea akisema, "Nilikuambia nini? Vilevile." Maman Fidèle hakuutaka mrija, lakini niliuacha mlangoni kwake. Kile kioo cha mbele Mjomba alikikata mbele yangu, akakifunga kwa mastiki kwenye dirisha lililokuwa likivuja, na mvua ikabaki nje.

Mmoja hakurudishiwa, Maman Saidi. Ukingo wa tanuri huwezi kuubeba ukampelekea mtu. Na lile jingine aliloniazima, neno lake la vitanda, sikujua hata linarudishwaje. Nilikwenda nalo shule, nikaenda nalo pwani, nikasoma, nikapata diploma ambayo wajuaji waliniapia sitaiona, nikarudi, nikajenga, nikalea watoto wenye kila mmoja chumba chake na ufunguo wake.

Mjomba alishafariki, na Saidi kazi zake ziko mbali, hapa mwezi huu, pale mwezi ule. Basi juzi juzi tukakubaliana, mimi naye, kwamba Maman Saidi ahamie kwangu. Mke wangu alimwandalia chumba cha wageni, pazia jipya, waridi za plastiki mezani. Nilikiangalia kile chumba, nikakosa raha. Gari lililomleta lilipoingia langoni nilikuwa tayari nimeshaanza.

Nilitoa vitanda vyote nje, chini ya baraza. Vya watoto, cha wageni, cha kwangu na mke wangu. Masanduku, mazulia, meza za kusomea. Nilitoa hata diploma ukutani, na baadaye ilipata mahali pengine, kwenye korido, ambapo lazima niwaelekeze watu ili waione. Maman Saidi alisimama uani na fimbo yake, mgongo umepinda, matone ya mvua yakianza, akiuangalia ule mrundo. Kisha akageuza uso kwangu, na macho yake yalikuwa yanacheka.

"Mutoto yangu, unanifukuza?"

Binti yangu mkubwa alikuwa amelikumbatia godoro lake mlangoni, analia, anasema Papa, kile ni chumba changu, miye nalala pale siku zote. Nikafungua mdomo nimwambie, lakini mwenye maneno alikuwepo. Maman Saidi aliegemeza fimbo ukutani, akapangusa mikono kwenye kitenge kana kwamba ina unga, akashika pembe ya lile godoro.

"Pahali pako iko kaburini, mujukuu," alisema. "Hapa ni pahali ya Mungu. Shika huku."